Muhula wa Kuitikiana

Nimefundisha miaka mingi na nimesahau mengi, lakini muhula ule mmoja nikiukumbuka hucheka peke yangu, hata watu wa nyumbani huniuliza nina nini. Sina kitu. Ni vile tu sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kuchanganyikiwa kiasi kile na kuipenda kazi yangu kiasi kile kwa wakati mmoja.

Nilihamishiwa shule ile katika muhula wa mwisho wa mwaka, nichukue darasa la wanaomaliza. Mwalimu wao, aliyekuwa nao tangu wakiwa wadogo, alistaafu ghafla kwa sababu ya macho. Aliniachia meza yenye droo isiyofunguka na daftari la mahudhurio lenye jalada lililobanduka. Mwalimu mkuu naye alikuwa mgeni wa mwaka ule. Alikuwa mtu wa kanuni, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni hata siku za joto, na wanafunzi aliwajua kwa idadi, si kwa sura.

"Kazi yako ya kwanza ni mahudhurio," aliniambia. "Asiyeitika muhula mzima simpeleki kwenye mtihani. Sitaki maelezo."

Hayo hayakunitisha. Kama kuna jambo nililojisifia katika ualimu ni kushika sura za watu. Ukiniitikia mara moja, nimekujua. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilisimama mbele ya darasa nikaita jina moja moja, kila mara nikiinua macho nione nani kaitika, na sura yake naifunga kichwani pamoja na jina lake.

Darasa lilikuwa na namna ya kuitika ambayo sikuielewa. Nikiita, macho yanakimbia huku na huku, kisha mtu anasema "Nipo" kwa mkazo, kama anayekula kiapo, na mwingine upande wa pili wa darasa anatabasamu. Nikadhani ni utundu wa watoto wanaojua wanaondoka. Nikawakazia uso.

Nikafika kwa binti wa mshonaji. Majina yenyewe sitayataja, maana wenyewe sasa ni watu wazima wenye heshima zao, lakini daftari lilionyesha kando ya kila jina kazi ya mzazi au mlezi, na ndivyo nilivyozoea kuwatofautisha. Nikaita binti wa mshonaji. Msichana wa dawati la mbele, mwenye mwanya mpana na nywele zilizochanwa nusu, akasimama.

"Nipo."

Nikaita jina lililofuata, mjukuu wa mkunga. Kimya. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Darasa zima likainamia madawati kama linatafuta sindano.

"Huyu yuko wapi?"

Hakuna aliyefumbua mdomo. Nikaandika kwamba hayupo, nikaendelea na mwingine. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Wiki zikapita, wengine wote wanaitika bila kukosa, na mbele ya jina la mjukuu wa mkunga pakawa na mstari mrefu wa utoro.

Hilo lilikuwa moja tu kati ya mambo yaliyonizungusha kichwa. Kulikuwa na kijana mrefu aliyeitika jina la mtoto wa fundi baiskeli. Siku niliporudisha madaftari ya hesabu nilimwita mbele, nikampa la kwake, nikamsifu mbele ya wenzake kwa kupata zote. Akalipokea kwa mikono miwili, akatembea hadi dawati la nyuma, akampa kijana mfupi mwenye miwani.

"Mbona unagawa kazi yako?"

"Nampa mwenyewe, mwalimu."

Darasa likacheka chini kwa chini. Mimi nikaona huyu ni mtoto mwenye roho nzuri kupita kiasi, nikamwacha. Lakini siku ile ile nilimwita ubaoni akashindwa kugawanya mia kwa nne. Nikabaki nimeshika chaki, sijui nimpongeze au nimfokee.

Mtu mwingine angeuliza. Mimi nina tabia mbaya: heri nipotee njia kuliko kumsimamisha mtu nimuulize. Na mgeni kazini anaogopa kuonekana mgeni. Hata hivyo siku moja, tukinywa chai chumba cha walimu, nilijikaza nikasema kwamba darasa langu linaitika kwa namna ya ajabu.

"Ah, ni mambo yao ya muhula wa mwisho," akasema mwalimu wa michezo, mdomo umejaa mkate. "Utazoea."

Wengine wakacheka kwa furaha, nami nikacheka nao, mtu wa kujifanya. Kila mmoja aliamini nimeshaelezwa. Mstaafu aliamini mwalimu mkuu atanieleza, mwalimu mkuu mwenyewe hakuwa na habari, na watoto waliamini mtu mzima aliyepewa darasa lao hawezi kukosa kujua jambo kubwa kama lile.

Nikamuuliza mwalimu wa michezo, kwa utani, kama anamfahamu mjukuu wa mkunga.

"Yule? Mzima kabisa. Jana tu alikuwa anaruka kamba hapo uwanjani."

"Hapa shuleni?"

"Sasa nitamrukisha kamba wapi kwingine?"

Chai ikanipalia. Kwa hiyo mtoto anakuja shule, anaruka kamba, halafu anajificha nisimwone. Nikatoka pale na ari ya askari. Nilichungulia stoo ya majembe, nyuma ya matangi ya maji, hata chumba kilimowekwa madawati mabovu, nikatoka na utando wa buibui kwenye nywele. Mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia mwanafunzi. Akafikiri kidogo, akauliza ni mkubwa au mdogo, maana wadogo huwa chini ya ngazi.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio, na hapo ndipo nilipopotea moja kwa moja. Nilisimamia mwenyewe. Yule msichana mwenye mwanya alikaa dawati la mbele, ameinama, anaandika hadi mkono unamuuma. Lakini nilipoketi kusahihisha, karatasi ya binti wa mshonaji haikuwemo. Iliyokuwemo, safi, maandishi ya duara, majibu mazuri, ilikuwa na jina la mjukuu wa mkunga.

Mtu mwenye akili zilizotulia angeunganisha hapo hapo. Mimi zangu hazikuwa zimetulia. Nikamwita mwenye mwanya.

"Karatasi yako iko wapi?"

Akaniangalia kama niliyemuuliza kichwa chake kiko wapi. "Nimekukabidhi, mwalimu."

"Ya kwako siioni. Hii hapa nani kaandika?"

Akaitazama. "Mimi."

Basi, nikapata jibu, na nikalipenda kwa sababu ndilo jibu la kwanza nililopata tangu nifike pale. Mtoro amemgeuza mwenzake punda: yeye anaruka kamba na kujificha stoo, huyu masikini anamwandikia mitihani na kujinyima wa kwake. Nikaipeleka habari kwa mwalimu mkuu nikiwa nimevimba kichwa.

Akalifungua daftari, akaufuata ule mstari kwa kidole. "Ijumaa napeleka majina ya watahiniwa," akasema. "Huyu mtoro hatakuwemo. Na huyo aliyemwandikia, mwonye." Akapiga mstari wa penseli juu ya jina. "Wino nitautia Ijumaa."

Nilipotoka ofisini ushindi wote ukaniishia. Mwaka wa mtoto unakatwa kwa penseli, nami sijawahi hata kumwona uso. Sikuweza kulala na jambo hilo. Jioni nikapiga moyo konde, nikamwuliza mtu njia, kwa mara ya kwanza tangu nihamie, nikaenda nyumbani kwa mkunga.

Alikuwa mwanamke mfupi aliyekwisha kupita makamo, mabega mapana, mikono mikubwa isiyotulia. Sebule yake ilijaa picha za watoto wachanga, wote wamefumba macho, na mabeseni ya zamani yamepangwa chali chini ya dirisha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu mpya. Usikae hicho, kina mguu mbovu. Kaa hiki."

Nikakaa. Nikamweleza taratibu, kwa adabu zote, kwamba mjukuu wake hajaonekana darasani tangu muhula uanze.

"Nani hajaonekana?"

"Mjukuu wako, Bibi."

"Mwalimu, kazi yangu ilikuwa kujua mtoto amekaaje hata kabla hajatoka. Huyu aliyekwisha kutoka, na ninayelala naye nyumba moja, atanipotea vipi? Kila asubuhi anaondoka hapa na sare niliyoinyoosha mimi."

"Anaondoka, Bibi. Hafiki."

"Anafika."

"Hafiki, Bibi. Mimi ndiye ninayeita majina."

"Na mimi ndiye ninayefua soksi. Soksi za mtoro hazinuki chaki."

Tukawa tunavutana hivyo, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, mlango wa nyuma ukafunguka. Akaingia msichana mwenye mwanya na ndoo ya maji kichwani. Aliponiona akasimama, maji yakamwagika begani.

"Wewe umefuata nini huku?" nikamuuliza.

"Anaishi hapa," akasema Bibi. "Ndiye huyo aliyepotea."

"Bibi, huyu siye. Huyu ni binti wa mshonaji."

Bibi akanitazama kwa makini, kama anayenitafuta homa. Akaja, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kweli.

"Mwalimu, huyu nilimpokea kwa mikono hii. Mama yake pia nilimpokea kwa mikono hii hii. Nani kakwambia ni wa mshonaji?"

"Mwenyewe. Kila asubuhi nikiita jina la binti wa mshonaji, anaitika yeye."

 Kisha mabega ya Bibi yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akakalia kile kiti kibovu, akasahau mguu wake, nikamdaka.

"Hawakukwambia," akasema akifuta machozi. "Masikini wa watu. Wamekuacha hivyo hivyo."

Ndipo nikaelezwa. Shule ile, muhula wa mwisho, mwanafunzi anayemaliza hajiitikii. Wanachaguana wawili wawili siku ya kufunga muhula wa pili, na tangu hapo jina lako likiitwa anaitika mwenzako, na la mwenzako unaitika wewe, mpaka siku ya kumaliza. Ilikuwa hivyo zamani za Bibi, na zamani za binti yake. Kwa mwalimu anayezijua sura zao tangu wadogo, ni mchezo mtamu. Mimi nilikuwa nimelikariri darasa zima kichwa chini miguu juu. Niliyemwita mtoto wa fundi baiskeli hakuwa mtoto wa fundi baiskeli. Hapakuwa na mtu hata mmoja mle ndani niliyemjua.

"Lakini kwa nini, Bibi? Faida yake nini?"

"Mnapotoka pale mnatawanyika. Inafaa uwe na mtu mmoja aliyezoea kujua kila asubuhi kama upo." Akaonyesha dirisha. "Aliyekuwa ananiitikia mimi anauza maziwa mtaa wa pili. Nikichelewa kufungua mlango, utamsikia anagonga."

Nikamgeukia msichana. "Na wewe, nani anakuitikia?"

"Binti wa mshonaji."

"Mbona haitiki?"

"Yuko hospitali, mwalimu. Gari lilimgonga likirudi nyuma wakati wa likizo, likamvunja paja. Baba yake alimwambia mwalimu wa zamani."

Na mwalimu wa zamani akaondoka na habari yake.  Muhula mzima mtoto huyu amekaa mbele yangu, pua na meza, nami namwandika hayupo.

"Nilipouliza yuko wapi, kwa nini hukusema ni wewe?"

"Hairuhusiwi kujisemea."

"Na wenzako je?"

"Kila mtu anamsemea wake, mwalimu."

Asubuhi nilimpeleka kwa mwalimu mkuu, nikidhani mambo yamekwisha, ni suala la kufuta penseli tu. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kupepesa, akaniomba nirudie, nikarudia, akachora mishale miwili kwenye karatasi chakavu, ukakatiza mmoja juu ya mwingine, akaitazama sana.

"Kwa hiyo aliyepo hakuitika," akasema hatimaye, "na aliyeitika hayupo."

"Ndiyo. Yaani hapana. Huyu ameitika, ila si kwa ajili yake."

"Mwalimu, unanichanganya makusudi?"

"Hapana, mwalimu mkuu. Ndivyo nilivyo na mimi."

Akaweka kalamu chini. "Mimi nina mtoto mmoja mbele yangu, na majina mawili. Mtoto mmoja hawezi kuwa wawili. Binti, nakuita kwa jina lako. Sema nipo, nikurudishe kwenye mtihani, mwenzako nimtoe. Ukinyamaza, hesabu inabaki kama ilivyo: yeye ndani, wewe nje."

Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini. Kabla sijauingiza mdomo wangu, ukweli wote ulikuwa salama mikononi mwa huyu mtoto. Sasa neno moja dogo lingemrudishia mwaka wake na kuukata wa rafiki yake. Mwalimu mkuu akaita jina lake, sauti ya kawaida kabisa.

Msichana akatazama mishale kwenye karatasi. Hakusema kitu.

"Mwanangu, itika," nikamnong'oneza. Nilikuwa namsihi, sioni haya kusema. "Mtihani wa mwenzako aliye hospitali unaweza kuombwa mwakani."

"Nikijiitikia mimi, yeye nani atamwitikia?"

"Na wewe nani anakuitikia?" akauliza mwalimu mkuu. "Yuko kitandani huko. Ameacha kukuitikia muhula mzima."

"Hajaacha."

"Umemsikia?"

"Sijamsikia. Watoto hawaruhusiwi wodini." Mwanya wake haukuonekana, midomo aliikaza. "Ila anaitika."

Mwalimu mkuu akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza bila ukali. Nadhani alitamani nimtoe pale. "Kesho ni Ijumaa," akasema.

Sikufundisha siku ile. Niliwaachia zoezi, nikatoka kwenda hospitali, nikaikuta saa ya kuona wagonjwa imepita, nikarudishwa getini. Asubuhi ya Ijumaa nikaenda huko kwanza bila kupitia shuleni, nikamwambia muuguzi wa zamu mimi ni mwalimu, mambo ya mtihani, akaniruhusu kwa sharti nisikae kitandani.

Binti wa mshonaji alikuwa kitanda cha ukutani, mguu umeninginizwa kwa kamba na vyuma vya uzito, mtoto mwembamba mwenye macho makubwa. Hapakuwa na uhusiano wowote kati ya sura hii na jina nililolijua mimi. Baba yake alikuwa ameketi pembeni, anashona upindo wa suruali ya mteja kwa mkono, uzi mdomoni. Nikawasalimu. Sikupata hata nafasi ya kusema nilichofuata, kwa sababu toroli ya chai ikaingia kwa kelele za magurudumu, na mtoto akaninyooshea kiganja, kama ananiomba samahani kwa kunikatiza.

Akalitaja jina la mjukuu wa mkunga, taratibu, namna mwalimu anavyoita. Akasubiri kidogo. Kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi vitanda vya mlangoni: "Nipo."

Mwanamke wa kitanda cha jirani hakugeuka hata kidogo. Akaendelea kuchovya mkate.

"Ndiyo mtindo wake," muuguzi akaniambia akimimina chai. "Toroli ikiingia tu. Siku za kwanza tulimpima joto, tukadhani anaweweseka. Daktari mmoja alimuuliza jina lake zaidi ya mara moja."

"Ndiyo saa ya kuitwa majina shuleni," akasema mshonaji, kana kwamba anamweleza mtu jambo la kawaida.

Sikumbuki niliagaje. Nakumbuka nilikimbia, mwalimu mzima na viatu vya kisigino, hadi nikaingia ofisini bila kubisha. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika kalamu ya wino. Nikamwambia anisomee kanuni ya mahudhurio. Akasema anaijua. Nikamwambia anisomee hivyo hivyo, na sauti yangu haikuwa ya mtu wa chini yake.

Akaifungua. "Mwanafunzi aitikiwe mahudhurio mbele ya mwalimu," akasoma, akasita. Akarudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Nilikuwa sijui kwamba imeandikwa hivyo. Nilidhani ataona imeandikwa aitike, nami nilikuwa nimejiandaa kubishana kuhusu mahali tu.

"Aitikiwe," nikasema.

"Ni makosa ya mpiga chapa, nadhani."

"Ndiyo kanuni, mwalimu mkuu. Na haisemi mahali."

Akakaa. Akafungua kifungo cha shingoni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. "Haisemi mahali," akakubali. "Lakini nitasikia kwa masikio yangu."

Tulikwenda watu watatu, yeye mbele na daftari kwapani, mimi nyuma yake, mjukuu wa mkunga katikati akijaribu kutokimbia. Pale wodini muuguzi alitaka kumzuia mtoto. Mwalimu mkuu akamwambia kwa heshima kubwa kwamba yuko kazini, anaita majina, na hawezi kuita bila wanafunzi. Muuguzi akaniangalia. Nikainua mabega.

Marafiki wale walipoonana hawakukumbatiana. Walitazamana tu, yule aliyesimama akitetemeka kidevu, yule wa kitandani akijivuta akae vizuri na mguu ukikataa. Mwalimu mkuu akasimama miguuni pa kitanda, akafungua daftari, akaita jina la binti wa mshonaji huku akimtazama binti wa mshonaji mwenyewe.

"Nipo," akasema yule aliyesimama.

Mwalimu mkuu akageuza shingo kwa haraka, kama aliyeguswa bega. Akaandika. Kisha akaita jina la mjukuu wa mkunga.

 Mtoto yule alikuwa amelitaja jina lile mwenyewe kila asubuhi, kwa toroli na kwa ukuta, na sasa limetoka mdomoni mwa mtu mwingine, mwalimu wa kweli, na daftari la kweli mkononi. Midomo ikafunguka, sauti haikuja. Mshonaji akaacha sindano katikati ya upindo. Nikaona kalamu ya mwalimu mkuu inangoja juu ya karatasi, na nikajua hataishusha bila kusikia, maana ndivyo alivyo.

"Nipo," akasema mtoto. Sauti ilikuwa ndogo, imepasuka katikati. Akameza mate. "Nipo, nipo."

"Mara moja inatosha," akasema mwalimu mkuu, na akaandika.

Msichana ambaye ofisini hakutoa hata chozi alijifunika uso kwa daftari lake la mazoezi, akalia hadi mwanamke wa kitanda cha jirani akampa nusu ya mkate wake. Mimi nilitoka koridoni kwa kisingizio cha kutafuta maji. Mwalimu mkuu akanifuata, akasimama karibu yangu akitazama ukuta.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "nisaidie. Yupi kati yao ndiye mjukuu wa mkunga?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikagundua kwamba lazima nifikirie kwanza.

Walifanya mtihani wote wawili, mmoja darasani, mwingine chali na ubao kifuani, muuguzi akimshikia wino. Mwaka uliofuata nililikuta darasa jipya, nikajifunza sura zao zote kabla ya muhula wa mwisho, nikawa hodari wa mchezo ule, na wengi niliowasaidia kuucheza baada ya hapo nimewasahau. Lile la kwanza halikunyooka tena kichwani mwangu. Hadi leo nikimwona mwenye mwanya sokoni na watoto wake, namwita jina la binti wa mshonaji. Hanisahihishi. Anasimama, anaitika, ananishika mkono, ananiambia kwamba mguu unamsumbua kidogo siku za baridi, ila anatembea.